Kukaza na Kulegeza: Ala za Nyuzi na Msamiati Wake, kutoka Litungu la Wakuria hadi Gitaa la Kopo

1.0 Utangulizi

Historia ya muziki wa Afrika Mashariki aghalabu imeandikwa kwa kufuata majina ya bendi, ya waimbaji na ya miji. Wasomi wameeleza jinsi Dar es Salaam Jazz Band ilivyoanzishwa mwaka 1932, jinsi Salum Abdallah alivyoiongoza Cuban Marimba huko Morogoro, na jinsi Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) alivyolifanya gitaa liseme Kiswahili. Katika maelezo ya namna hiyo gitaa huonekana kuwa chombo kilichowasili bandarini kikiwa kimekwisha kukamilika. Kazi iliyobaki ilikuwa kujifunza kukipiga. Historia hiyo ni ya kweli, lakini ni ya upande mmoja. Vijijini, mbali na maduka ya vyombo vya muziki, gitaa la kwanza la mtoto halikununuliwa. Lilitengenezwa kwa kopo, kipande cha ubao, nyuzi za kuvulia samaki au waya wa breki ya baiskeli, na vijiti vilivyochongwa kwa kisu.

Gitaa hilo limedharauliwa kwa namna mbili. Wanamuziki huliona kuwa mchezo wa watoto, na wanaisimu hawajaliona kabisa. Matokeo yake ni kwamba ufundi uliofanywa na vizazi kadhaa hauna msamiati uliokusanywa. Mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili sanifu jinsi uzi unavyofungwa, unavyokazwa na unavyozuiwa usilegee hulazimika kubuni maneno au kuazima, ilhali mafundi wenyewe wanayo maneno yao na wanayatumia kila siku.

Mhadhara huu unalenga kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba gitaa la kopo, hasa katika nchi ya Wakuria, haliwezi kuelezwa kuwa mwigo wa gitaa la dukani tu, kwa kuwa linasimama juu ya ufundi mkongwe wa litungu. La pili ni kwamba ushahidi wa jambo hilo umo katika lugha: majina ya vifaa yamekopwa kutoka pande nyingi, lakini vitenzi vinavyotaja kazi ya fundi vimebaki vilevile. Mfano unaotumika ni eneo la Nyamwaga, lililo kwenye barabara itokayo Tarime kuelekea Nyamongo na Mugumu, mkoani Mara. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu limo katikati ya nchi ambamo litungu linafahamika, na kwa sababu halipo mbali na ukanda wa Ziwa Viktoria ambako Wajaluo hupiga nyatiti.

2.0 Litungu na jamaa zake

Litungu, ambalo kwa Kikuria huitwa iritungu, ni ala ya nyuzi nane. Lina kisanduku cha sauti cha mviringo kilichowambwa ngozi, mikono miwili inayotoka katika kisanduku hicho, na mti mmoja uliokingama juu ya mikono hiyo. Nyuzi hutoka chini ya kisanduku, hupita juu ya daraja lililoegemea ngozi, kisha hufungwa katika mti uliokingama. Mpigaji huketi, akaliweka litungu mbele yake, na kuzidonoa nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Sauti yake ni nzito na ina mvumo unaodumu.

Ala ya umbo hilo kwa Kiswahili huitwa kinubi. Neno hilo ndilo lililotumiwa katika Biblia ya Kiswahili kutaja ala ya Daudi, na kwa umbo lake linamkumbusha msomaji nchi ya Wanubi, ambako vinubi vimepigwa tangu zamani. Jamaa ya vinubi imeenea katika eneo kubwa. Ethiopia wana krar, na pia begena yenye nyuzi kumi. Uganda wana endongo ya Wabaganda. Wagusii wa Kenya wana obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito kuliko jamaa zake wengi. Wajaluo wana nyatiti, yenye nyuzi nane pia. Watu wenye asili ya Afrika walikipeleka kinubi ng'ambo ya bahari, na katika Basra, Kuweiti, Bahareni na Omani tanbura imeendelea kupigwa katika ibada na ngoma za vizazi vyao. Kwa upande wa zama, picha za vinubi zimo katika makaburi ya Misri ya kale, na vinubi vyenyewe vilifukuliwa katika makaburi ya kifalme ya Ur, huko Iraki, vikiwa na umri wa takriban miaka 4,500.

Jina litungu lenyewe linahitaji uangalifu. Wabukusu wa magharibi mwa Kenya nao wana ala waitayo litungu, lakini ile ya kwao kwa kawaida ina nyuzi saba na umbo lake si sawa na la Wakuria. Jina moja, kwa hiyo, limebeba ala mbili. Mpaka wa kikoloni uliochorwa kutokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 ulizidisha utata huo, kwa kuwa uliikata nchi ya Wakuria vipande viwili. Tangu hapo litungu la Wakuria limeandikwa mara nyingine katika vitabu kuwa ala ya Kenya na mara nyingine kuwa ala ya Tanzania, ilhali mafundi wa pande zote mbili ni wa jamaa moja na lugha moja.

3.0 Pete na kigingi

Sehemu inayotofautisha kinubi na gitaa zaidi kuliko kisanduku ni mahali pa kukazia uzi. Katika kinubi cha Afrika Mashariki, uzi haufungwi moja kwa moja katika mti uliokingama. Fundi huuzungushia mti huo ukanda wa ngozi, wa kitambaa au wa nyuzi za mmea, kisha uzi wa ala huzungushwa pamoja na ukanda huo mpaka ukafanyika kama pete iliyobana. Mpigaji anapotaka kuipandisha sauti huishika pete hiyo kwa kiganja, akaizungusha kwa nguvu huku akiisukuma. Pete huzunguka na uzi hukazwa. Akiiachia, msuguano wa pete juu ya mti huuzuia uzi usirudi. Wayunani wa kale walikuwa na mbinu ileile: walitumia vipande vya ngozi ngumu ya shingo ya ng'ombe katika mti wa juu wa vinubi vyao.

Ubora wa mbinu hiyo ni kwamba haihitaji tundu. Mti uliokingama haudhoofishwi, na mpigaji huweza kuitengeneza pete mpya mahali popote kwa ukanda wa nguo kuukuu. Kasoro yake ni kwamba inahitaji nguvu ya mkono na subira, na kwamba haiwezi kuhimili uzi uliovutwa sana. Kwa kinubi kasoro hiyo si kubwa. Kila uzi wa kinubi hutoa sauti moja tu, kwa hiyo nyuzi zake ni ndefu, zimelegea kiasi, na ulinganifu wa sauti hukamilishwa kabla ya wimbo kuanza. Katika litungu, kuzilinganisha nyuzi nane ndiko kuuweka tayari muziki wote utakaopigwa.

Gitaa limejengwa juu ya kanuni nyingine. Uzi mmoja hutoa sauti nyingi kwa kubanwa na kidole mahali mbalimbali kwenye shingo. Ili sauti hizo zitoke safi, uzi lazima uvutwe kwa nguvu zaidi. Kanuni za jambo hilo zilielezwa na Mfaransa Marin Mersenne mwaka 1636: ukifupisha uzi kwa nusu, idadi ya mitetemo yake huongezeka maradufu, lakini ukitaka kupata ongezeko hilohilo kwa kukaza peke yake, lazima mvuto uzidishwe mara nne. Kupandisha sauti kwa nusu hatua moja tu ya ngazi ya Kizungu huhitaji kuongeza mvuto kwa takriban asilimia 12. Kwa hiyo fundi anayehama kutoka kinubi kwenda gitaa hukutana na tatizo ambalo pete haiwezi kulitatua, nalo ni kuushika uzi uliokazwa sana bila kuurudisha hata kidogo.

Utatuzi wa kwanza ni kigingi cha mti kinachopita katika tundu. Utatuzi huo ulifahamika katika pwani ya Afrika Mashariki zamani, kwa kuwa gambusi, ambalo Lamu huitwa pia kibangala, lina vigingi vya ubavuni, na udi vilevile. Utatuzi wa pili ni wa Ulaya ya karne ya 18 na ya 19: parafujo inayozungusha gurudumu dogo la meno. Tofauti ya vitu hivyo viwili huonekana wazi katika hesabu. Kigingi chenye kipenyo cha milimita 8 kikizungushwa mara moja huvuta takriban milimita 25 za uzi. Kigingi cha unene huohuo kikiungwa na gurudumu la meno 14 linaloendeshwa na parafujo, mzunguko mmoja wa kidole huvuta chini ya milimita 2. Aidha, parafujo huweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo. Kwa sababu hiyo uzi haurudi. Fundi wa kijijini asiyekuwa na parafujo hiyo hana budi kuutafuta ushupavu huo katika mti wenyewe.

4.0 Kisanduku hufuata biashara

Katika Marekani, ala za aina hii hujulikana kwa jina la makasha ya sigara za majani. Katika miaka ya 1860 sheria za kodi za nchi hiyo zililazimisha sigara hizo ziuzwe katika makasha yenye stempu ya serikali, na kasha lililokwisha kutumika halikuruhusiwa kujazwa tena. Hivyo makasha mengi ya mbao nyembamba na kavu yalitupwa, na watu maskini, weusi kwa weupe, waliyageuza kuwa visanduku vya fidla, vya banjo na vya gitaa. Mchoraji Edwin Forbes aliwaonyesha askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe wakiwa na fidla ya namna hiyo katika mchoro uliotolewa mwaka 1876, na katika miaka ya 1880 Daniel Carter Beard aliwaandikia watoto maelekezo ya kutengeneza banjo ya kasha.

Afrika Mashariki haikuwa na makasha hayo kwa wingi. Kila mahali fundi maskini hutumia chombo ambacho biashara ya mahali pake inakitupa. Kusini mwa Afrika, Wakhoikhoi walikuwa na ramkie tangu karne ya 18, ala yenye nyuzi tatu au nne iliyotengenezwa kwa kibuyu na baadaye kwa bati. Nchini Uingereza katika miaka ya 1950, vijana waliligeuza kasha la majani ya chai kuwa besi. Katika Tanganyika na Kenya, chombo kilichokuwa kikitupwa kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, debe la mafuta ya taa na, baadaye, galoni ya plastiki. Gitaa likaitwa kwa jina la chombo kilichotoa kisanduku chake.

Nyuzi nazo zilifuata biashara. Nyuzi za vinubi zilikuwa za mishipa au za utumbo wa wanyama. Nailoni ilianza kuuzwa ulimwenguni mwishoni mwa miaka ya 1930, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ilitumiwa kwa nyavu na mishipi ya wavuvi wa Ziwa Viktoria. Uzi huo ulikuwa wa bei nafuu, haukuoza, haukuliwa na panya, na unene wake ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wapigaji wa nyatiti na wa litungu waliupokea. Inafaa kukumbukwa kwamba katika miaka hiyohiyo ya 1940 watengenezaji wa magitaa ya kitaalamu ya Ulaya na Marekani nao walikuwa wakiuacha utumbo na kuichukua nailoni. Mabadiliko hayo, basi, yaliufikia ukumbi wa Segovia na kijiji cha mpigaji wa kinubi kwa sababu moja.

5.0 Utengenezaji wa gitaa la kopo na ufungaji wa vigingi

Utengenezaji wa gitaa la kopo huanza na shingo. Fundi huchagua ubao ulionyooka, uliokauka na usiokuwa na kifundo, kwa sababu kifundo huupinda ubao unapovutwa na nyuzi. Ubao huo huingizwa katika kopo kutoka upande mmoja hadi mwingine, ili mvuto wa nyuzi uchukuliwe na ubao wote na bati lisilemewe. Fundi asiyelijua jambo hili huupigilia ubao misumari katika ukingo wa kopo, na gitaa lake hukunjika kabla uzi wa pili haujakazwa. Mwenye ujuzi wa litungu hahitaji kufundishwa hivyo, kwa kuwa katika litungu pia mzigo wa nyuzi huchukuliwa na mikono na mti uliokingama, nayo ngozi huachiwa kazi ya kutetema tu.

Hufuata daraja. Kijiti kigumu huwekwa juu ya bati, chini ya nyuzi, ili kupeleka mtetemo katika kisanduku. Likiwa refu mno, nyuzi hukaa juu sana na vidole huumia. Likiwa fupi mno, nyuzi hugusa shingo na kutoa mkwaruzo. Baadhi ya wapigaji wa ala za Afrika huutaka mkwaruzo huo kwa makusudi na huuongeza kwa vifuniko vya chupa. Hapa tena kipimo cha uzuri wa sauti kimetoka katika muziki uliotangulia gitaa.

Kazi ngumu zaidi ni ya vigingi. Tundu hutobolewa katika kichwa cha shingo kwa chuma kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu. Chuma hicho huunguza badala ya kupasua, na ukuta wa tundu huwa mgumu kidogo kutokana na kuungua. Tundu lifaalo huwa pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, na kigingi huchongwa kwa umbo hilohilo, ili kila kinaposukumwa ndani kizidi kubana. Mti wa kigingi hutakiwa uwe mgumu kuliko wa shingo na uwe umekauka kabisa. Kigingi kibichi hukaza vizuri siku ya kwanza, lakini kikikauka hupungua unene na kuanza kuteleza. Masika unyevu huvivimbisha vigingi hata visizunguke, na kiangazi hulegea. Kwa sababu hiyo fundi hupaka majivu au chaki mahali panapoteleza, na sabuni mahali panapokwama.

Uzi hupitishwa katika kitundu kilichotobolewa kwenye kigingi chenyewe, huzungushwa mara tatu au nne huku kila mzunguko ukikaa kando ya ule uliotangulia, kisha hukazwa. Mizunguko hiyo si pambo. Kila mzunguko huongeza msuguano na kupunguza nguvu inayofika katika fundo. Hii ndiyo kanuni ileile inayoifanya pete ya litungu ishike. Mpigaji aliyezoea kuizungusha pete huku akiisukuma hufanya vivyo hivyo kwa kigingi: hukizungusha na kukisukuma ndani kwa mkupuo mmoja. Mjongeo wa mkono ni uleule, ijapokuwa kifaa ni kingine.

Wako mafundi wanaotumia skrubu zenye tundu badala ya vigingi, na wako wanaong'oa vikazio vya meno kutoka magitaa ya dukani yaliyovunjika. Hata hivyo, kikazio cha chuma kilichofungwa katika ubao laini hukabiliwa na tatizo jipya. Skrubu zake ndogo hung'oka, kwa kuwa zilikusudiwa mti mgumu. Fundi mzoefu hukifunga kwa waya juu ya skrubu hizo au huweka kipande cha bati nyuma ya ubao.

6.0 Ala mbili, mkono mmoja

Je, yako mambo katika historia yanayothibitisha kwamba watu wa eneo hili waliliona gitaa kwa jicho la kinubi? Yapo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyeanzisha mwaka 1954 Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, Kenya. Miongoni mwa nyimbo hizo zilikuwamo zilizopigwa kwa kinubi na kumtaja mtu aitwaye Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers (1897–1933), mwimbaji wa Marekani aliyepiga gitaa, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika katika nchi hiyo. Wakipsigis waliyaunganisha majina yake mawili, wakayapa kiambishi cha majina ya kwao, na wakamtia katika muziki wa kinubi. Walilisikia gitaa na kulijibu kwa ala waliyokuwa nayo.

Mfano wa pili umo mkoani Mara kwenyewe. Daniel Owino Misiani (1940–2006), kiongozi wa Shirati Jazz na mmoja wa waasisi wa muziki wa benga, alizaliwa karibu na Shirati, mahali palipokuwa sehemu ya Wilaya ya Tarime hadi Wilaya ya Rorya ilipoundwa mwaka 2007. Wachambuzi wa benga wamekubaliana kwamba mdonoo wa gitaa katika muziki huo umefuata mdonoo wa nyatiti. Nyuzi za gitaa la benga hazipigwi kwa pamoja kama katika muziki wa dansi wa Ulaya. Hudonolewa moja baada ya nyingine kwa kasi, na gitaa hujibizana na mwimbaji kama nyatiti inavyofanya.

Mfano wa tatu unatoka mbali kidogo. Wimbo wa Masanga wa Mwenda Jean Bosco, uliorekodiwa na Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, uliimbwa kwa Kiswahili cha Katanga na kupigwa kwa kidole gumba na cha shahada. Upigaji wa vidole viwili ulienea Afrika Mashariki na Kati, na ulikuwa mwepesi kupokelewa na watu ambao mikono yao ilikwisha kuzoea kudonoa.

Mifano hiyo haithibitishi kwamba kila gitaa la kopo lilitoka katika kinubi. Watoto wa miji ya pwani hutengeneza magitaa ya kopo pia, na huko hakuna litungu. Inachothibitisha ni kwamba palipokuwa na kinubi, gitaa halikuikuta mikono mitupu.

7.0 Ushahidi wa msamiati

Msamiati wa gitaa la kopo ni kama ramani ya biashara ya Afrika Mashariki. Gitaa ni neno lililotoka katika Kiingereza, na kopo ni neno la Kireno. Kwa hiyo jina gitaa la kopo limeunganisha wageni wa zama mbili kwa kihusishi cha Kibantu. Parafujo ni ya Kireno na skrubu ni ya Kiingereza. Kiswahili kimeyahifadhi maneno yote mawili kwa kitu kilekile. Sanduku ni la Kiarabu. Nailoni na waya ni ya Kiingereza. Kinanda kina historia ndefu zaidi: kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha kwamba neno hilo lilitumika kwa ala za nyuzi, kisha likahamia kwenye ala za kubonyeza kama piano.

Neno litungu nalo limepata mambo ya kuangaliwa lilipoingia katika Kiswahili. Katika Kikuria, iri- ni kiambishi cha ngeli ya tano na ama- ni cha ngeli ya sita. Kiswahili kimelipokea neno likiwa na li- yake kama sehemu ya shina, na kwa kuwa upatanisho wa umoja wa ngeli hiyo katika Kiswahili pia ni li-, msemaji husema litungu hili limelegea bila kuona ugeni wowote. Utata hutokea katika wingi. Yupo atakayesema matungu, akifuata mantiki ya ngeli, na yupo atakayesema malitungu, akilichukua neno zima kuwa shina. Uamuzi wa jambo kama hilo hauwezi kutolewa vizuri mezani bila kuwasikiliza wanaolitumia neno.

Hali ya vitenzi ni tofauti. Fundi huwamba, hukaza, hulegeza, huzungusha, hufunga, hutoboa, huchonga na hudonoa. Vitenzi hivi vyote vilikuwamo katika lugha kabla ya gitaa, na kila kimoja kina kazi nyingine nje ya muziki. Ngoma huwambwa na kitanda cha kamba huwambwa. Mshipi hukazwa na mwendo hukazwa. Kigingi chenyewe, ingawa ni nomino, kimetoka katika ufugaji. Ndicho kinachofungiwa mbuzi na ndicho kinachoinyoosha ngozi juani. Neno lililomfaa mfugaji wa Tarime lilimfaa pia mtengenezaji wa gitaa.

Huenda ikapingwa kwamba Kiswahili hukopa vitenzi pia, na mfano ukatolewa wa kurekodi. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linaiimarisha hoja badala ya kuidhoofisha. Tendo la kuinasa sauti na kuihifadhi katika sahani halikuwapo. Lilikuja na mashine yake na kitenzi chake. Tendo la kukaza uzi lilikuwapo. Lugha ilikopa kitenzi pale ambapo tendo lilikuwa geni, na haikukopa pale ambapo kifaa peke yake kilikuwa kigeni. Hivyo basi, mwenye kutaka kujua ni ufundi upi ulioletwa na ni upi uliokuwapo anaweza kuanza kwa kuzitenga nomino na vitenzi.

Kipimo hicho kina mipaka yake. Kitenzi cha zamani chaweza kupewa kazi mpya kabisa, kama ilivyo katika kupiga simu na kupiga picha, na kupiga gitaa chenyewe kimeundwa kwa ruwaza hiyo. Kwa sababu hiyo kitenzi kisichukuliwe peke yake kuwa ushahidi. Lazima kilinganishwe na mjongeo wa mkono wa fundi. Katika kukaza kwa pete na kukaza kwa kigingi, kitenzi na mjongeo vinakubaliana, na hapo ndipo hoja inapopata nguvu.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba litungu na gitaa la kopo vimetengana katika kifaa cha kukazia uzi na vimekutana katika namna ya kukaza. Imeonekana pia kwamba kisanduku, nyuzi na majina yake vilibadilika kwa kufuata biashara, ilhali vitenzi vya ufundi vilibaki. Kulichukulia gitaa la kopo kuwa mwigo hafifu wa kitu cha dukani ni kuusahau ujuzi wa mzigo, wa msuguano na wa mtetemo ambao mafundi wa vinubi waliukusanya kwa muda mrefu.

Jambo lililo hatarini ni dogo kwa sura lakini ni kubwa kwa taaluma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imechapishwa mara tatu, mwaka 1981, 2004 na 2013, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ilitoka mwaka 2015. Kazi hizo zimekuza sana istilahi za sayansi na za utawala. Istilahi za ufundi wa mikono bado zinahitaji kukusanywa sehemu kwa sehemu: jina la pete ya litungu, jina la mti uliokingama, jina la upande mpana wa tundu la kigingi, neno linalotaja uzi ulioteleza na neno linalotaja uzi uliokatika kwa kukazwa mno. Mfano wa kufuatwa upo tangu mwaka 1953, pale Margaret Trowell na Klaus Wachsmann walipokichapisha kitabu chao cha ufundi wa makabila ya Uganda, ambamo ala zilielezwa kwa vipande vyake na kwa namna ya kuziunda.

Mwanafunzi atakayekwenda Nyamwaga kwa kazi hiyo asiende na orodha ya maneno ya Kiingereza ya kutafsiriwa. Amwombe fundi atengeneze ala mbele yake, tangu kuchagua mti hadi kulinganisha nyuzi, na ayaandike maneno ya Kikuria na ya Kiswahili kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Aandike pia kile ambacho fundi anasema anapokosea, kwa kuwa neno la kosa aghalabu ndilo linaloeleza kanuni. Galoni ya plastiki imekwisha kulifukuza kopo la bati katika maduka mengi, na gitaa la bei nafuu kutoka ng'ambo linafika mahali ambapo zamani halikufika. Kifaa kikibadilika, kitenzi huweza kukihamia kifaa kipya. Lakini nomino ya kifaa kilichoachwa hufa pamoja na mzee wa mwisho aliyekuwa akiitamka, na kamusi itakayokuja baadaye haitakuwa na mtu wa kuuliza.